Moto wa makaa ya mawe unazimika usiku na kengele inalia: tufanyeje?

*"Fundi, habari za kazi. Mwezi wa tisa tulinunua nyumba ya zamani huku kaunti ya Schuylkill, Pennsylvania. Chini, kwenye besimenti, kuna tanuru la chuma la kulisha kwa mkono, na mabomba mapana yanapandisha hewa ya moto hadi vyumbani. Aliyetuuzia aliacha rundo la makaa ya mawe madogo madogo, kama punje za mchele zilizovimba. Tunawasha kwa kuni, yanashika, lakini kila tukiamka moto umekufa na nyumba imekuwa barafu. Mume wangu anayachokoa kwa juu na nondo kama tulivyozoea jiko la mkaa nyumbani, na usiku tunafunga matundu yote ili makaa yasiishe haraka. Jumamosi iliyopita, saa tisa usiku, kengele ya gesi ya pale koridoni ilianza kulia: mara nne, inanyamaza, mara nne tena. Tukajua betri imekwisha, tukaitoa. Asubuhi watoto wote wawili wanalalamika kichwa, nadhani ni mafua. Majirani wanasema tanuru ling'olewe. Je, ni bovu, au sisi ndio hatujui kulitumia?"*

Dada yangu, umeniuliza habari ya moto kuzimika, na nitaijibu yote. Ila kabla hujaendelea kusoma, nenda karudishe betri kwenye ile kengele. Na tanuru hilo msiliwashe tena mpaka mtu mwenye vipimo alikague.

Kengele ya betri iliyokwisha hulia mlio mmoja mfupi, inakaa kimya kitambo, halafu mmoja tena. Mlio wa mara nne, kimya, mara nne, maana yake ni moja tu kwenye kengele zinazouzwa Marekani: imeinusa kaboni monoksidi. Haikuharibika. Ilikuwa inawaamsha.

Na kichwa cha watoto sidhani kama kilikuwa mafua. Mafua huanza kwa mmoja, yanahamia kwa mwingine, yana homa na kamasi. Watu wawili wa nyumba moja kuamka asubuhi moja na kichwa kile kile, bila homa, katika nyumba yenye moto chini yao, ni dalili ya gesi. Dalili nyingine ni kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na nafuu inayokuja mtu akitoka nje. Gesi hii haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ikiingia mwilini inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Aliyelala haamki. Ndiyo sababu nimekupeleka kwenye betri kwanza.

Kengele ikilia hivyo tena, amsha watoto, tokeni nje wote jinsi mlivyo, hata kama ni theluji, kisha pigeni 911 mkiwa nje. Zimamoto wanakuja na vipimo na kukagua nyumba. Msirudi ndani kufungua madirisha wala kuchukua makoti. Na kama kuna mtoto bado anaumwa kichwa, anasahausahau au analala kupita kawaida, mpeleke kwa daktari leo na umwambie neno moja kwa moja: tulivuta gesi ya tanuru. Usipolitaja, anaweza kufikiri mafua kama wewe ulivyofikiri. Mama mjamzito akiwa ndani ya nyumba, huyo asisubiri dalili.

Mimi nimekulia Makete, kule Njombe, ambako Juni asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani likishakuwa jekundu, kwa imani kwamba moshi ukiisha hatari imeisha. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na wengi tumeihamisha imani hiyo hadi ughaibuni. Ukweli ni kwamba moshi ndio mlinzi: unakukohoza, unakufukuza. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa ile gesi kimya kimya. Makaa ya mawe mnayochoma nyie ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu hayana moshi kabisa tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye moto wenu. Mlidhani mna matatizo mawili, moto unaokufa na kengele inayolia. Nijuavyo mimi ni tatizo moja: moto wenu haupati hewa. Moto uliokabwa hufa, na kabla ya kufa hutoa gesi hiyo kwa wingi.

Makaa ya upande huo wa Pennsylvania ni anthrasiti. Yashike mkononi uone: magumu, yanang'aa kama kioo cheusi, hayapaki sana masizi. Karibu yote ni kaboni tupu. Zamani watu wa huko walijua ni jiwe linalowaka kwa mivukuto ya mfua chuma tu. Tarehe 11 Februari 1808, pale Wilkes-Barre, Jesse Fell aliyaweka juu ya wavu wa chuma kwenye meko ya nyumbani kwake, yakawaka bila mtu kuyapuliza. Siri ilikuwa ule wavu. Hewa ilipita chini yake, ikapanda katikati ya makaa. Tanuru lako la leo, na milango yake yote, ni wavu ule ule uliojengewa sanduku.

Kuni zinapata hewa juu na pembeni. Anthrasiti inataka hewa kutoka chini, ipenye rundo lote. Hewa ikiingia kwenye makaa mekundu ya chini, oksijeni inaungana na kaboni na kutoa joto kubwa. Hapo inatoka kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikiendelea kupanda kupitia makaa mengine mekundu ambako oksijeni imeshakwisha, makaa yanainyang'anya sehemu ya oksijeni yake, ikageuka kaboni monoksidi. Hilo hutokea kwenye kila tanuru la makaa, hata jipya kabisa. Kwenye tanuru zima, gesi ikifika juu ya rundo inakuta joto na hewa kidogo, inaungua palepale. Ile miali ya buluu inayochezacheza juu ya makaa ndiyo hiyo gesi inaungua. Ukiiona, furahi. Kinachobaki kinavutwa na dohani kwenda nje. Rundo likiwa limefunikwa, au dohani haivuti, gesi haiungui wala haiondoki. Inatafuta upenyo, na upenyo ni besimenti yenu, halafu koridoni.

Kwa hiyo tuhesabu mlivyoukaba moto huo, maana hamkuukaba kwa njia moja.

Kwanza yale makaa yenyewe. Saizi ya punje za mchele kweli inaitwa "Rice" dukani, na ni ya matanuru yanayojilisha yenyewe, yenye feni ya kusukuma hewa. Kwenye tanuru la mkono punje hizo zinabanana kama mchanga, na nyingine zinadondoka kwenye majivu kabla hazijaungua. Mnahitaji mfuko ulioandikwa "Nut", mapande ya sentimita 2 hadi 4, ambayo yanaacha nafasi kati yake. Hilo rundo la aliyewauzia mpeni mtu mwenye tanuru la kujilisha, atawashukuru.

Pili ni nondo ya shemeji. Namwelewa, mkono umezoea. Kwenye jiko la mkaa unachokoa juu, majivu yanashuka, moto unachangamka. Anthrasiti haitaki kuguswa juu. Ukiichokoa unapandisha majivu kwenye sehemu yenye joto kali zaidi, yanayeyuka, yanaganda kuwa mabonge magumu kama matofali yaliyoungua, na mabonge hayo yanaziba njia ya hewa. Kazi yote ya majivu hufanywa chini, kwa ule mkono wa kutikisia wavu. Mwambie nondo aitundike ukutani.

Tatu, kufunga matundu yote usiku. Hapa mlitaka kuokoa makaa, na hesabu inawapinga. Mfuko mmoja wa ratili 40, yaani kilo 18, ukiungua polepole kwa saa 24, unakupa joto linalokaribia lile la hita ya umeme ya kilowati 4 inayowaka mchana na usiku, hata ukitoa linalopotelea kwenye dohani. Moto ukifa alfajiri, mnaamka kuchoma kuni, mnamwaga makaa nusu pamoja na majivu, mnaanza upya. Hapo ndipo mali inapotea. Kilango cha hewa cha chini hupunguzwa kikabaki upenyo mwembamba. Hakifungwi kabisa wakati makaa ni mekundu.

Nne sijaiona kwa macho ila naishuku sana: bomba linalotoka kwenye tanuru kwenda dohani limejaa majivu laini. Anthrasiti haiachi lami nyeusi kama ya kuni, kwa hiyo watu hudhani bomba lake halihitaji kusafishwa. Inaacha vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo, na vumbi hilo hulala kwenye kona, pale bomba linapopinda. Wiki chache zinatosha kupunguza njia hadi nusu. Nyumba iliyokaa bila mtu huongezewa viota vya ndege na matofali yaliyodondoka. Hili huwezi kulirekebisha kwa kilango chochote.

Msimu nao una mchango wake. Dohani huvuta kwa sababu hewa ya moto ndani yake ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje. Siku ya Oktoba au Novemba yenye joto la nyuzi 12 au 15, tofauti inakuwa ndogo na mvuto unalegea. Wazee wa Schuylkill hungoja baridi itulie ndipo wawashe. Tena, mashine ya kukaushia nguo na feni ya jikoni zinatoa hewa nje ya nyumba, na nyumba iliyozibwa madirisha vizuri itaivuta hewa hiyo kutoka mahali pengine, hata kwa kuirudisha kupitia dohani. Jaribu hivi wakati tanuru linawaka baada ya ukaguzi: washa kijiti cha udi, kisogeze karibu na kile kibamba cha mviringo kinachoning'inia kwenye bomba. Moshi wa udi unapaswa kuvutwa ndani. Kisha washa feni ya jikoni na mashine ya nguo, urudie. Moshi ukisita au ukirudi usoni kwako, feni na tanuru hazitumiki pamoja mpaka fundi awawekee njia ya hewa ya nje.

Mkishasafishiwa na kuruhusiwa, moto wa kwanza uwe hivi. Kuni kavu mpaka pawe na kitanda kinene cha makaa mekundu. Juu yake anthrasiti tabaka jembamba, mlango wa majivu ukiwa wazi kidogo, nanyi mmesimama hapo hapo. Anthrasiti hushika kwenye nyuzi 480 hivi, kwa hiyo inachelewa; itapasukapasuka kwa sauti kama mahindi kwenye kikaango, halafu utaona bluu. Ongeza tabaka jingine, ngoja, na jingine, mpaka makaa yafike ukingo wa juu wa yale matofali ya ndani. Watu wengi huogopa kujaza. Moto mfupi wa anthrasiti hufa. Unataka kina, kama futi moja, na uso ulio sawa. Mlango wa majivu ufunge kabla hujapanda ngazi. Nimeona mawavu yaliyopinda kama mikate iliyoungua, na karibu kila mara kisa ni kimoja, mtu aliuacha wazi akaenda kupokea simu. Msitumie mafuta ya taa wala petroli, na msimwage maji ndani ya tanuru la moto.

Baada ya hapo moto unataka watu mara mbili tu kwa siku, asubuhi na usiku, kila baada ya saa 12 hivi. Ukishuka, fungua kilango cha chini uache uchangamke dakika chache. Fungua mlango wa juu upenyo kwanza, subiri kidogo, ndipo uufungue wote. Ukiufungua kwa kishindo hewa inaiingilia gesi ghafla na inaweza kulipuka usoni. Kama makaa ni mekundu vizuri, tikisa wavu kwa mikato mifupi ya haraka. Hapa tumia macho: angalia ndani ya mlango wa majivu. Mwanzoni ni giza na majivu yanashuka kama unga. Endelea mpaka mwanga wa rangi ya chungwa uenee kwenye majivu yote na vijikaa viwili vitatu vyekundu vianguke. Acha hapo hapo. Ukizidisha unaangusha moto wenyewe. Kama ulikuta makaa yamefifia, usitikise kwanza. Tandaza makaa machache juu, yashike, ndipo utikise.

Kisha jaza, ila acha kipande kimoja cha uso mwekundu bila kukifunika, sehemu ya mbele au pembeni. Kile kipande ndicho kitawasha gesi inayotoka kwenye makaa mapya. Mkifunika wote, gesi inajikusanya gizani, na cheche moja ikitokea milango inarushwa wazi na vumbi linajaa chumba. Ngojeni miali ya buluu ienee, ndipo mpunguze hewa ya chini na kwenda kulala. Trei ya majivu mwageni kila siku, kwa sababu yakirundikana hadi kugusa wavu, wavu unakosa hewa ya kuupoza. Majivu yakae kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao, siku kadhaa. Bustanini msiyapeleke, hayarutubishi kama majivu ya kuni. Ila kwenye njia yenye barafu yanashika miguu vizuri sana.

Umeme ukikatika, feni ya tanuru inasimama na joto linajikusanya ndani. Punguzeni hewa ya chini mara moja ibaki upenyo tu, na muulizeni fundi kama mabomba yenu yanaweza kupandisha joto yenyewe bila feni. Si kila nyumba inaweza.

Ling'olewe au libaki? Majirani wana hoja. Tanuru la mkono linataka mtu mzima aliyepo nyumbani kila saa 12, asiyeogopa vumbi, na mgongo wa kubeba tani kadhaa kwa msimu. Mkiwa wote wawili mnafanya kazi za zamu mbili, mtachoka kufikia Februari. Makaa pia hutoa kaboni dioksidi nyingi zaidi kwa joto lile lile kuliko mafuta au gesi, na vumbi lake si zuri kwa mtoto mwenye pumu. Kwa upande mwingine, tanuru likiwa zima na dohani nzima, mnayo nishati inayochimbwa jirani yenu, na mpango wa serikali wa LIHEAP husaidia kaya zenye kipato kidogo hata kwa makaa. Ulizeni ofisi ya kaunti. Kama ingekuwa nyumba yangu, ningelikarabati litusaidie msimu huu, na kuanza kuweka akiba ya pampu ya joto ya umeme, tanuru likabaki la siku kali. Lakini mkaguzi akikuta tanuru lina ufa au dohani imepasuka ndani, hapo sina mjadala, lisiwashwe tena hata kwa usiku mmoja.

Tafuteni mfagiaji wa dohani mwenye cheti, mwambieni mnataka ukaguzi wa ngazi ya pili, ule wa kamera, unaotakiwa nyumba inapouzwa. Aje na kipimo cha mvuto. Mvuto hupimwa kwa paskali, na matanuru mengi ya namna hii hufanya kazi vizuri kati ya paskali 10 na 15. Mpigieni pia mwenye bima ya nyumba, kwa sababu asiyejua kuna tanuru la makaa anaweza kukataa kulipa. Nunueni kengele mpya, moja kila ghorofa na moja karibu na vyumba vya kulala. Ile ya zamani igeuzeni muone tarehe nyuma yake, maana nyingi huisha muda ndani ya miaka 5 hadi 10. Ya besimenti ikae kama mita 5 kutoka kwenye tanuru. Kwa sasa mkae na hita za umeme, zikichomekwa ukutani moja kwa moja, mita moja mbali na vitanda, na watoto walale chumba kimoja nanyi.

Mkaguzi akimaliza, niandikie paskali alizopata na saizi ya makaa mtakayonunua, nami nitakuambia kilango cha chini kikae wapi usiku wa kwanza.